Kidole Kisichogusa Kitu

Saa ilikuwa inatembea. Hilo ndilo lililoniudhi.

Nilikuwa nimekaa mezani usiku, kitambaa cheupe kimetandikwa, mafuta yamejaa kwenye kucha, na mbele yangu mashine ya saa ya mezani ya zamani imerudi nzima, nanga inacheza kushoto kulia, tik, tak, tik, tak, sauti niliyoisubiri wiki mbili. Nyundo ikagonga kengele vizuri. Akrabu zikasogea. Nikanyanyua mikono kama mtu aliyefunga goli, halafu nikashusha macho kwenye kile kitambaa nikakuta kuna kipande kimebaki.

Kimoja tu.

Kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Chuma, bapa, kina umbo la ua lenye petali tano na tundu katikati. Na sikukifungua popote, hilo nina uhakika nalo maana nilipiga picha kila hatua na kila skrubu niliiweka kwenye kikombe chake. Hiki nilikikuta siku ya kwanza kabisa chini ya kasha la saa, ndani ya vumbi, pamoja na pini iliyopinda na mbawa za mdudu. Nikakiweka pembeni, nikajiambia nitakijua tu huko mbele.

Huko mbele nimeshafika, saa inatembea, na ua langu halina kazi.

Mtu mwenye akili zake angelitupia kwenye droo akaenda kulala. Mimi likanikaa kichwani wiki sita.

## Kutafuta kwa sura

Kosa langu lilikuwa la kawaida sana, nilikitafuta kwa sura. Nikakipiga picha juu ya karatasi nyeupe na rula pembeni, nikawatumia watu wanaojua saa na wasiojua, nikakesha naangalia picha za mashine za zamani moja baada ya nyingine natafuta ua. Majibu yakaja ya kila aina. Mmoja akasema ni pambo limedondoka kutoka kwenye uso wa saa. Mwingine akasema hicho ni cha boksi la muziki, nikamcheka (baadaye ilibidi nimuombe radhi, mtaona). Mwingine akasema ni washa.

Washa! Washa gani ina petali?

Ningekuwa mwepesi wa kujifunza ningeshajifunza kwenye ule uzi. Nilipofungua nyuma ya saa mara ya kwanza nilikuta pendulamu imening'inia kwenye uzi, yaani uzi kabisa kama wa kushonea nguo. Nikasema hapa alipita fundi mvivu, nikachukua mkasi. Kilichoniokoa ni kwamba ule uzi ulipanda ukajizungusha kwenye kishafti chembamba kilichotokea mpaka mbele, kwenye kile kitundu kidogo juu ya 12 ambacho nilikuwa nashangaa kwa nini ufunguo wangu hauingii. Nikajiuliza, nani anachonga shafti ya chuma na kuipitisha kutoka nyuma mpaka usoni kwa ajili ya kiraka?

Kumbe saa za mezani za Kifaransa zilitengenezwa hivyo kwa makusudi. Pendulamu inaning'inia kwenye kitanzi cha hariri, na mtindo huo ulidumu mpaka kwenye katikati ya karne ya 19 ambapo vipande vyembamba vya springi vilichukua nafasi yake. Ukizungusha kile kishafti, uzi unajiviringa, pendulamu inakuwa fupi, saa inaongeza mwendo. Nilibakiza sekunde chache kukata kifaa cha kurekebishia saa kwa sababu tu kinafanana na ubabaishaji.

Na si mimi peke yangu. Nina rafiki ana mashine ya Kifaransa ya mviringo, bamba la nyuma limegongwa 5 upande huu na 4 upande ule, na miaka yote hiyo alikuwa anaamini ni 1854. Sio mwaka. Ni urefu wa pendulamu, inchi 5 na laini 4 za Kifaransa za zamani, inchi moja yao ni karibu milimita 27 na ina laini 12, ukijumlisha unapata sentimita 14 na kidogo. Ufaransa walishaanza mambo ya mita tangu enzi za mapinduzi yao ila mafundi saa wakang'ang'ania inchi, na mpaka leo ukubwa wa mashine ya saa ya mkononi bado unatajwa kwa hizo laini. Nilipomwambia akakaa kimya muda mrefu kwenye simu. Nadhani nilimuibia mwaka wake.

Kwa hiyo nilikuwa na mifano miwili mkononi kwamba sura inadanganya, na bado nikaendelea kutafuta ua.

## Reki na konokono

Niseme ukweli, majina nayo yana hatia. Hizi sehemu nyingi zimepewa majina kwa jinsi zinavyoonekana. Nanga ni nanga kwa kuwa inafanana na ya meli, ina mikono miwili inayoshuka na kuzuia gurudumu la mwisho jino kwa jino. Konokono ni kibamba chenye ngazi 12 zinazopungua kama ganda la konokono. Reki ni reki kweli, ina meno upande mmoja, Wajerumani nao wanaiita reki kwa Kijerumani chao na Wafaransa vilevile, macho ya watu wote yaliona kitu kimoja. Kuna pangaboi, ile feni ndogo ya mabawa mawili inayovurumika saa ikipiga kengele, kazi yake ni kupambana na hewa ili nyundo isigonge mbio mbio kama mtu anabisha hodi kwa hasira.

Ukishazoea majina ya hivi unaanza kudhani kila kitu kwenye saa kitajitambulisha kwa uso. Ndio maana nikawa naita kile kipande ua, na nikishakiita ua nikawa natafuta bustani.

Sasa mwaga magurudumu ya saa mezani uone. Yote ni duara za shaba zenye meno, yanafanana kama watoto wa shule kwenye foleni. Yanayoyatofautisha ni hesabu. Chukua saa ndefu ya kusimama ya Kiingereza, ile yenye pendulamu ya kama mita moja inayokwenda upande mmoja kila sekunde. Mara nyingi gurudumu la katikati lina meno 60 na linasukuma gia ndogo ya meno 8, hapo unapata mara 7 na nusu. Linalofuata lina meno 56 linasukuma gia ya meno 7, mara 8. Zidisha, unapata 60. Kwa hiyo gurudumu la katikati likizunguka mara moja kwa saa, la mwisho linazunguka mara 60, yaani kila dakika mara moja, na kwa kuwa la mwisho lina meno 30 na kila jino linagusa nanga mara mbili, basi hizo ndizo sekunde zako 60. Gurudumu ambalo lilikuwa halina jina sasa lina jina, na hujaliangalia hata uso. Umeangalia linamgusa nani.

Hiyo sentensi ya mwisho niliiandika kwenye daftari usiku mmoja halafu nikaisahau. Ndio tabia yangu.

Kidogo nitoke nje ya mada, maana hili lilinifurahisha kuliko yote. Mashine yangu haina reki wala konokono, ambazo kazi yake ni kuiambia kengele igonge mara ngapi, inatumia mtindo wa zamani zaidi, gurudumu la kuhesabu, ambalo limekaa nje kabisa kwenye bamba la nyuma. Ukingoni lina sehemu 11 zilizoinuka zenye urefu tofauti, kutoka ya kupiga mara 2 mpaka ya kupiga mara 12. Mkono wa chuma ukiwa juu ya sehemu iliyoinuka nyundo inaendelea kugonga, ukidumbukia kwenye pengo inanyamaza. Kwa sababu saa yangu inapiga pia nusu saa, mara moja tu, kwa saa 12 inagonga mara 90. Na ndio maana kuanzia saa sita na nusu mpaka saa saba na nusu inagonga moja, halafu moja, halafu moja tena, ukiwa umelala huwezi kujua ni ipi.

Tatizo la gurudumu la kuhesabu ni kwamba halijui akrabu ziko wapi. Linafuata foleni yake tu. Ukisukuma akrabu kizembe inaonyesha mbili inapiga tano. Kwenye mashine za reki hilo halitokei kirahisi, maana konokono ametembea pamoja na akrabu ya saa na reki inadondokea kwenye ngazi yake kabla ya kupiga. Mafundi wanaliona hilo kama udhaifu wa mtindo wa zamani. Mimi nikaona mwanya. Ukiinua ule mkono kwa kidole saa inapiga bila akrabu kusogea, kwa hiyo nikaipigisha na kuipigisha mpaka akrabu ikiwa kwenye 7 saa inagonga mara moja.

Saa moja inagonga moja!

Mfaransa aliyeitengeneza hakuwahi kuwaza kwamba ipo siku saa yake itahesabu Kiswahili. Niliiacha hivyo siku nne, halafu wageni wakaanza kuchanganyikiwa nikairudisha.

## Makovu

Wiki ya tatu nikaacha kuangalia picha za watu nikaanza kuangalia picha zangu mwenyewe. Sio kwa busara, ni kwa sababu intaneti ilikatika.

Kuna kitu mafundi wanakijua ambacho mtu wa kawaida angebisha. Kwenye saa, magurudumu makubwa ni shaba na gia ndogo ni chuma cha pua. Ungetegemea shaba ndiyo ilike, maana ndiyo laini. Mara nyingi kinacholika ni chuma. Vumbi linajizamisha kwenye ule ulaini wa shaba, linabaki humo kama msasa, halafu linasugua chuma miaka na miaka mpaka meno ya gia yanachimbika. Nilikuwa nimeona hayo machimbo kwenye mashine yangu nilipoifungua, nikayapita kama uchakavu tu.

Sasa nikaanza kuyasoma. Kila mahali palipong'aa kuliko pengine maana yake kuna kitu kinapita hapo. Kila tundu lililovutwa likawa kama yai maana yake kuna shafti inasukumwa kuelekea upande ule. Kwenye bamba la mbele, upande wa ndani, kuna maandishi yaliyokwaruzwa kwa ncha ya sindano, herufi mbili na tarehe ambayo sehemu yake haisomeki, hiyo ni sahihi ya fundi fulani aliyeisafisha zamani, walikuwa na mazoea hayo. Kuna na matundu yaliyowekwa bushi mpya, mawili, moja kazi safi na moja kazi ya mtu mwenye haraka.

Nikachukua lenzi nikarudi kwenye ua.

Petali nne zimebonyea kichwani, kama mtu amezichota kwa kijiko. Ya tano haikubonyea. Ya tano imetuna.

Wiki tatu nimekaa na hiki kitu, nimekipiga picha mara sijui ngapi, na sikuwahi kuliona hilo. Nililiona ua, na maua petali zake zinafanana, basi kichwa kikajaza chenyewe.

Pambo lisingekuwa na petali moja tofauti. Mtu hachongi tofauti kwa makusudi kwenye chuma kigumu kama hakuna sababu. Na zile nne zilizobonyea, ule mbonyeo wenyewe uling'aa kama kioo. Kulikuwa na kitu cha mviringo kilichokuwa kinalala pale.

## Picha ya arobaini na moja

Hapa ndipo nilipokwama wiki nzima nyingine. Kitu cha mviringo kwenye saa! Kuna nini kwenye saa ambacho si cha mviringo?

Nikazipitia picha zangu kwa kufuata swali moja tu: hiki kinagusa nini? Shafti inagusa bamba. Gurudumu linagusa gia. Gia inabeba gurudumu linalofuata. Nyundo inagusa kengele na mkia wake unaguswa na pini. Kile kimkongojo cha nyuma kinagusa fimbo ya pendulamu. Nilikuwa nakwenda kama mtu anayesahihisha mtihani, tiki, tiki, tiki, inachosha na inatuliza kwa wakati mmoja.

Picha namba 41 ni ya pipa la springi upande wa mwendo. Mashine kama yangu ina mapipa mawili, makopo ya shaba yenye springi kuu ndani, moja linaendesha akrabu, lingine linaendesha kengele. Juu ya mfuniko wa pipa, kwenye shafti ile unayotia ufunguo, kuna kiduara kidogo cha chuma chenye kidole kimoja kimetokeza. Nilikuwa nimekiona. Nilikuwa hata nimekisafisha. Nikakipa jina la kukwepa, kizuizi, nikaendelea na kazi.

Kile kidole kilikuwa hakigusi kitu.

Nikaangalia tena. Hakigusi. Kimetokeza hewani kama mtu anayeonyesha njia barabara haipo. Na pembeni yake kidogo, kwenye mfuniko huohuo, kuna tundu dogo la skrubu lenye kipande cha skrubu iliyovunjikia ndani, na kuzunguka lile tundu kuna alama nyembamba ya duara iliyosuguliwa, upana wake ukipima kwa rula ni upana wa ua langu.

Sikulala usiku ule, nawaambia ukweli.

Kazi yake ndiyo hii. Ukijaza saa, shafti inazunguka na kidole kinazunguka nayo. Kila raundi kidole kinaingia kwenye pengo kati ya petali mbili, kinalisukuma ua hatua moja, kisha kile kiduara cha mviringo kinalala kwenye mbonyeo wa petali inayofuata na kulituliza mpaka raundi nyingine. Petali iliyobonyea inapitisha. Ikifika zamu ya ile iliyotuna, duara haliwezi kupita, ufunguo unagoma, basi, umejaza vya kutosha. Saa ikitembea pipa lenyewe ndilo linalozunguka, ua linabebwa kukizunguka kidole kilichosimama, hesabu inarudi nyuma, na mwisho ile petali iliyotuna inafika kwa upande wake wa pili na kuizuia springi isilegee mpaka mwisho.

Kwa nini uhangaike hivyo? Kwa sababu springi iliyokazwa kabisa inasukuma kwa fujo na springi iliyolegea inasukuma kivivu, saa inakimbia mwanzoni mwa wiki na kusinzia mwishoni. Waingereza kwenye saa zao nzuri walilitatua kwa koni yenye mifereji na mnyororo mwembamba unaoizunguka, springi ikiwa na nguvu inavuta sehemu nyembamba ya koni, ikichoka inavuta sehemu pana. Njia ya ua ni ya kibahili zaidi, na mimi naipenda zaidi: unakata vichwa viwili, unatumia raundi za katikati tu ambazo nguvu yake iko karibu sawa.

Wenyewe wanaiita stopi ya Geneva, na ua lenyewe wengi wanaliita msalaba wa Malta. Boksi za muziki nazo zinayo. Ndio, yule niliyemcheka. Na ukilichonga bila ile petali iliyotuna, likawa linazunguka bila kikomo, unapata kile kifaa kilichokuwa kinavuta filamu picha kwa picha kwenye projekta za sinema.

## "Hivyo nimetupa vingi"

Nikampelekea fundi. Mzee, ameshika saa miaka mingi kuliko umri wangu.

"Shikamoo mzee, nimelijua."

"Marahaba. Umelijua nini?"

Nikamwekea kiganjani. Akaligeuza mara moja tu.

"Ah, hivi. Hivyo nimetupa vingi, mwanangu."

Nilihisi kama kanimwagia maji. Akanieleza bila hata kuona aibu, na kwa kweli hakuwa na sababu ya kuona aibu. Mteja anajaza saa, ufunguo unagoma mapema kuliko alivyotegemea, anadhani saa imekufa, anairudisha kwa malalamiko. Kikichakaa, kidole kinaweza kukwama vibaya na kufunga springi ikiwa na nguvu zote. Na kukifunga upya lazima uiache springi na mzunguko ndani kabla hujaweka ua, ukikosea hesabu saa haimalizi siku zake. Ukikitoa, hayo yote yanaisha.

"Halafu saa inatembea bila hicho," akasema. "Si umeona mwenyewe?"

Nimeona mwenyewe. Ndilo lililoniudhi tangu mwanzo.

Nikarudi nyumbani na ua langu mfukoni na sikuwa na hoja. Kwenye pipa la kengele kidole kipo ila ua halipo, na kule tundu la skrubu ni safi, nyuzi zake nzima, maana yake mtu alikaa na bisibisi akalifungua taratibu akaenda nalo. Fundi kama yule mzee, kwa sababu kama zile. Upande wa mwendo skrubu ilijikatikia yenyewe, ua likadondoka, likakaa kwenye vumbi. Kama isingekatika labda nalo lingetupwa. Sasa mimi ni nani wa kurudisha kitu ambacho watu wenye mikono mizuri kuliko yangu waliamua hakihitajiki? Niliwaza kuliweka tu kwenye bahasha, nilifunge ndani ya kasha, anayekuja aamue. Siku tatu nilikuwa nimeshaamua hivyo. Bahasha nilikuwa nimeshaandika.

## Ubavu mmoja

Kabla ya kulitia kwenye bahasha nikaliangalia kwa lenzi kwa mara ya mwisho, nikiwa natafuta ufa.

Ile petali iliyotuna ina mbavu mbili, maana kidole kinaweza kuifikia kutoka pande zote mbili. Ubavu mmoja ulikuwa umepondeka. Sio sana, kidimbwi kidogo, lakini kimeng'aa na kimezama, kimegongwa mara nyingi mno. Ubavu wa pili ulikuwa kama umetoka kwa fundi jana. Bado una mikwaruzo ya tupa ya yule aliyelitengeneza, mistari midogo iliyolala sambamba.

Nilianza kwa kuelewa kinyume. Nikadhani ule uliopondeka ni upande wa saa kuisha, kwamba mwenye saa alikuwa mzembe kama mimi, akiiacha mpaka inasimama. Nikamwendea mzee tena. Akatoa nguvu ya springi kwanza, ufunguo umekamatwa kiganjani, kile kizuizi cha racheti, kinachoizuia springi isijifungue kurudi nyuma, kimeinuliwa, anaachia nusu mzunguko, anakamata, anaachia (msijaribu hili kwa koleo tafadhali, springi kuu haina utani). Halafu akaliweka ua mahali pake kwa kulishika na kibanio tu, akazungusha shafti kwa ufunguo kama anayejaza. Kidole kikaja, pengo, pengo, pengo, kikafika kwenye iliyotuna kikagonga palepale.

Kwenye kidimbwi.

Kwa hiyo kuna mtu, au watu, waliokuwa wanaijaza saa hii mpaka ufunguo unagoma, kila mara, miaka kwa miaka. Na upande wa pili, upande wa saa kuishiwa, karibu haukuwahi kuguswa. Hawakuiacha ifike huko.

Mimi nilikuwa nimeiacha isimame mara tatu ndani ya wiki sita.

Mzee alikuwa bado ameinama na kibanio chake. "Hii kweli ilikuwa inafanya kazi," akasema, kama anajisemea mwenyewe. Kisha akauliza kama nina haraka, nikamwambia sina. Kukitoa kile kipande cha skrubu kulimchukua mchana mzima. Skrubu mpya akaichonga na bega, yaani sehemu pana chini ya kichwa, ili ikazwe kabisa na bado ua lizunguke bila kubanwa. Akaiacha springi na raundi moja ndani, akaweka ua, akafunga. Hakusema kama amebadili mawazo na sikumuuliza.

Bahasha ipo bado ndani ya kasha. Nimeweka ile skrubu iliyovunjika, na pini iliyopinda.

Sasa nikijaza kila Jumapili mkono unahesabu wenyewe, halafu ufunguo unagota, kitu kigumu na kifupi, tofauti kabisa na springi inayokaza polepole. Tofauti ya mwendo kati ya mwanzo na mwisho wa wiki imepungua, sio muujiza, ila imepungua. Nikimaliza nahamia tundu la pili, la kengele, na huko hakuna kinachogoma. Nazungusha taratibu mpaka nihisi springi inaanza kuwa nzito, naacha kwa kukisia. Kule ndani kidole cha pili kimezunguka nami raundi zote na hakijagusa kitu.

Nimeanza kuangalia vumbi la chini ya makasha ya saa za watu.